Abisko mwezi Machi: jinsi ya kuufuata mwanga wa kaskazini na wanyama wa theluji

Wengi wanaotamani kuuona mwanga wa kaskazini huanza na tiketi ya bei nafuu kwenda mji wenye jina kubwa. Wanakaa siku mbili, wanapiga picha za mawingu, wanarudi nyumbani. Mwanga ulikuwapo siku zote mbili, ila juu ya mawingu hayo. Kwa hiyo mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: tafuta anga safi, kisha ipe siku za kutosha. Nimechagua Abisko, kijiji kidogo kaskazini kabisa mwa Uswidi, kwa sababu hapo anga safi ina nafasi nzuri kuliko sehemu nyingi zenye sifa.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kuangalia mawingu

Jua hutupa chembe zenye umeme kila wakati. Zikifika kwetu, nguvu ya sumaku ya dunia huziongoza kuelekea maeneo ya karibu na ncha, na huko hugonga hewa ya juu sana. Oksijeni iliyo kilomita mia moja na ushei kutoka ardhini hutoa kijani; ile iliyo juu ya kilomita 200 hutoa nyekundu; naitrojeni huleta zambarau na waridi kwenye upindo wa chini. Mkanda wa mwanga huo hupita juu ya Alaska, Kanada ya kaskazini, Aisilandi, na kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Finlandi. Ukiwa chini ya mkanda huo, mwanga hutokea usiku mwingi tu. Kinachoamua kama utauona ni mawingu.

Tromsø ya Norwei ni mji mzuri, lakini uko baharini, na bahari ile ina joto kiasi kwa sababu ya mkondo unaotoka kusini. Bahari ya namna hiyo huleta mawingu. Abisko iko ng'ambo ya pili ya milima. Upepo wa Atlantiki ukipanda milima ya mpakani humwaga mvua na theluji upande wa Norwei, na unaposhuka Abisko umekwisha kukauka. Mvua na theluji ya mwaka mzima hapo ni karibu milimita 300 tu, kiwango cha nchi kame. Juu ya ziwa Torneträsk, lenye urefu wa kilomita 70 hivi, mara nyingi hufunguka uwazi wa anga huku pande zote zikiwa zimezibwa.

Ukishaelewa hilo, hutababaishwa na matangazo.

Hatua ya 2: Nenda mwishoni mwa Februari au Machi

Desemba ina usiku mrefu, na watu wengi hudhani ndiyo bora. Tatizo ni kwamba kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Januari jua halichomozi Abisko. Unapata saa chache za mwanga wa bluu mchana, basi. Wanyama utawaona kwa shida, na mwili wako uliozoea jua la ikweta utachoka bila kujua kwa nini.

Machi inakupa vyote viwili. Karibu na tarehe 20 mchana na usiku vinakaribia kulingana, kama kwetu, hivyo una saa kumi na mbili za kutafuta wanyama na giza la kutosha baadaye. Kwa Mwislamu hii ni nafuu kubwa: nyakati za sala na hata saa za kufunga hazitofautiani mno na alizozoea, wakati Desemba msafiri hubaki akiuliza Maghrib ni saa ngapi mahali ambapo jua halikuchomoza. Tena, wanasayansi wameona kwa miaka mingi kwamba misukosuko ya sumaku ya dunia huongezeka karibu na Machi na Septemba. Theluji bado ni nene na ziwa bado ni barafu. Usivuke katikati ya Aprili, maana giza la kweli linaanza kutoweka.

Utasikia pia habari za mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi. Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limefikia kipindi chake cha kilele, na miaka inayofuata kilele huwa bado na dhoruba kali. Habari njema, lakini Abisko haihitaji dhoruba. Usiku wa kawaida unatosha.

Anayetaka nyangumi afahamu kwamba hiyo ni safari nyingine. Nyangumi kibyongo na nyangumi wauaji hufuata samaki aina ya heringi kwenye fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) za Skjervøy, kaskazini mwa Tromsø, kati ya Novemba na Januari. Nyangumi kibyongo wanaopita Watamu na Zanzibar hutoka bahari ya kusini na hawakutani na hao. Na dubu weupe hawapo Uswidi kabisa. Wako Svalbard, au Churchill nchini Kanada, ambako huonekana zaidi Oktoba na Novemba.

Hatua ya 3: Viza, tiketi, na siku ya akiba

Uswidi na Norwei zote ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha hata ukivuka mpaka kwa treni. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na kwa safari hii ni Uswidi. Dirisha la kuomba hufunguliwa miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Usisubiri mwisho: uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na miadi yenyewe huwa adimu. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka.

Andika ratiba yako siku kwa siku na uiambatanishe na malazi, barua ya likizo kutoka kazini na taarifa za benki. Afisa anayesoma kwamba mtu wa Dodoma anakwenda kijiji cha baridi kali mwezi Machi anataka kuona kwamba mtu huyo anajua anachokifuata.

Ukifika Stockholm una njia mbili. Ndege hadi mji wa Kiruna huchukua saa moja na nusu hivi, kisha kuna karibu kilomita 100 hadi Abisko kwa treni, basi au gari. Njia ya pili ni treni ya usiku kutoka Stockholm, ambayo huchukua saa kumi na saba au zaidi. Mimi nakushauri treni. Unalala kitandani, unaokoa fedha ya hoteli, na asubuhi unaamkia misitu ya theluji ambamo elki, kulungu wakubwa wa huko, huonekana hata dirishani. Angalia tiketi vizuri, maana kuna vituo viwili: Abisko Östra ndicho kijiji, chenye duka na hosteli; Abisko Turiststation ndipo ilipo nyumba ya wageni penye lango la hifadhi ya taifa ya Abisko. Saa za tiketi huandikwa kwa mtindo wa 24, na Uswidi wakati wa baridi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Ukisoma 22:00, hiyo ni saa nne usiku ya huko.

Weka siku moja ya akiba kati ya Abisko na ndege yako ya kurudi Afrika. Reli hii ilijengwa kwa ajili ya madini ya chuma ya Kiruna, na hadi leo hupitisha treni nzito mno. Desemba 2023 treni ya madini iliacha reli karibu na Vassijaure na njia ikafungwa kwa wiki nyingi. Februari 2024, muda mfupi baada ya kufunguliwa, ajali ikatokea tena. Dhoruba ya theluji nayo hufunga barabara bila kuomba ruhusa.

Kuhusu gari la kukodi: kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, usianze kujifunza usiku barabara ya E10. Kwa Mkenya au Mtanzania kuna na ugumu wa kuhamia upande wa kulia wa barabara. Mkongo na Mrundi angalau hilo wamelizoea. Ukiendesha, ukiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye nguzo kando ya barabara, punguza mwendo, ni alama kwamba reindia, kulungu wa kufugwa wa kaskazini, wako karibu. Ukimgonga reindia au elki, sheria inakutaka upige 112.

Lala Abisko siku nne, tano ikiwezekana. Siku mbili ni kucheza kamari.

Hatua ya 4: Vaa kwa tabaka, na anza kununua nyumbani

Wastani wa Januari hapa ni nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri, na usiku mtulivu unaweza kushuka hadi 30 chini ya sifuri. Machi ni afadhali kidogo mchana, lakini kuuona mwanga ni kazi ya kusimama, na anayesimama huganda haraka kuliko anayetembea.

Tabaka la ndani liwe sufu laini au kitambaa cha michezo kinachopitisha jasho. Pamba iache kabisa: ikilowa jasho haikauki, na hapo baridi inaingia mifupani. Tabaka la kati ni sweta nene la sufu au flisi. La nje ni jaketi na suruali zisizopitisha upepo, pana kiasi cha kuacha hewa ndani, kwa sababu hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayokupa joto.

Sehemu kubwa ya hivi vitu ipo mitumba. Gikomba na Toi jijini Nairobi, Karume pale Ilala, Memorial mjini Moshi: jaketi za theluji zilizotoka Ulaya zimelala humo kwa bei ndogo kwa sababu hakuna anayezihitaji Dar. Kagua zipu, kagua kofia, zinusie ndani. Moshi na Arusha pia kuna maduka yanayokodisha jaketi za manyoya kwa wapandaji wa Kilimanjaro, na jaketi linalofaa usiku wa kileleni Uhuru linafaa Abisko.

Viatu ndivyo visivyofaa kubahatisha. Chukua namba moja kubwa zaidi ili soksi ya sufu iingie bila kubana. Kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu cha saizi yako ni kujiumiza, maana damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Waongozaji wengi wa huko huwapa wageni ovaroli na buti kwa muda wa matembezi. Uliza kabla ya kununua. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani, juu yake zile nene zinazokusanya vidole vinne pamoja. Mwenye rasta au misuko mikubwa ajaribu kofia kabla ya safari, kwa kuwa kofia nyingi za Ulaya hazifuniki masikio juu ya nywele za namna hiyo. Usitoke na nywele mbichi. Vua hereni na vipini vya chuma kabla ya kukaa nje muda mrefu. Hijabu ya sufu nyembamba chini ya kofia inafanya kazi vizuri sana.

Fedha taslimu karibu hazitumiki Uswidi, hivyo hakikisha kadi yako inakubali malipo ya nje. Chakula cha hotelini ni ghali. Hosteli zenye jiko zinaokoa mengi. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingizwa, basi usifunge sambusa za nyama.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Kila siku alasiri fungua utabiri wa mawingu kwanza, wa SMHI ya Uswidi au Yr ya Norwei, ndipo uangalie utabiri wa jua. Programu nyingi za simu zitakuonyesha kipimo cha Kp, yaani ukali wa misukosuko ya sumaku ya dunia, kinachoanzia 0 hadi 9. Watu hukata tamaa wakiona 2. Kwa Stockholm 2 ni bure, kwa Abisko 2 ni usiku mzuri. Kipimo chenye faida zaidi ni kile cha Bz, yaani mwelekeo wa sumaku inayobebwa na upepo wa jua. Ikiwa hasi kwa muda mrefu, mlango umefunguka. Kinapimwa na vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, kwa hiyo unapata onyo la kama nusu saa hadi saa moja. Inatosha kuvaa buti.

Saa zenye matumaini ni kati ya saa tatu na saa saba usiku. Lala kidogo jioni, kula vizuri, jaza chai ya tangawizi kwenye chupa, kisha teremka ufukweni mwa ziwa mbali na taa. Macho yanahitaji dakika ishirini hivi kulizoea giza, na ukiangalia skrini ya simu yenye mwanga unaanza upya. Tumia tochi nyekundu.

Mwanga ukiwa dhaifu unafanana na wingu jembamba la kijivu, na wengi hurudi ndani wakidhani hakuna kitu. Elekeza simu juu, iweke modi ya usiku kwa sekunde tatu, piga. Ikitoka kijani, kaa hapo hapo. Ukiongezeka nguvu macho yenyewe yataona kijani, kisha pazia lote litaanza kwenda mbio, upindo wake ukigeuka waridi, na hapo hakuna atakayekuhitaji umweleze kwa nini alisafiri. Huenda ukadumu dakika kumi ukatulia saa nzima kabla ya kurudi. Wanaoondoka baada ya wimbi la kwanza hukosa la pili, ambalo mara nyingi ndilo kubwa.

Mwenye kamera aiweke kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi pana iliyofunguliwa mpaka mwisho, ISO kati ya 1600 na 3200, na sekunde 5 hadi 15. Mwanga ukienda kasi, punguza sekunde, la sivyo utapata ukungu wa kijani. Fokasi iweke kwa mkono kwenye nyota angavu. Betri huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Kabla ya kurudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache humo ipate joto taratibu. Ukiitoa ghafla maji yanatanda mpaka ndani ya lenzi. Mwezi usikutishe. Mwezi wa nusu huimulika milima, ukiwamo uwazi wa Lapporten, bonde lililokatiza kati ya vilele viwili, na picha zinapendeza zaidi.

Juu ya barafu ya ziwa fuata njia zilizowekewa alama, na uwaulize wenyeji siku hiyo hiyo. Upepo wa Torneträsk hubadilika upesi.

Hatua ya 6: Mchana, wanyama

Hii si Serengeti. Utaona wanyama wachache, na kila mmoja utamfanyia kazi. Elki ndiye mkubwa wao, wa jamii ya kulungu, anayeweza kufika mita mbili begani. Machi theluji nene huwasukuma mabondeni, ambako hula vijiti vya miti, na huonekana sana kwenye barabara ya Kiruna kwenda Nikkaluokta, asubuhi mapema na jioni. Usitarajie pembe, kwani madume wamekwisha kuziangusha wakati huo. Kaa mbali, mita hamsini na zaidi. Akilaza masikio nyuma na kukukazia macho, rudi nyuma na uweke mti kati yako naye.

Reindia utakayemwona na pembe mwezi Machi mara nyingi ni jike mwenye mimba, kwa kuwa madume wakubwa huziangusha mwanzoni mwa baridi na majike hubaki nazo mpaka karibu na kuzaa mwezi Mei. Amebakiza akiba ndogo ya mafuta na anachimbua theluji kutafuta kuvumwani (lichen) za ardhini. Kumkimbiza ili upate picha ni kumla akiba hiyo. Tena si mnyama wa porini asiye na mwenyewe: kwa sheria ya Uswidi haki ya kufuga reindia ni ya Wasami, wenyeji wa asili wa nchi hii. Makundi mengi wakati huo yako misituni mashariki ya Kiruna, kwa hiyo njia bora ni kutembelea familia ya Kisami inayopokea wageni karibu na Jukkasjärvi. Ongea nao, uliza juu ya malisho, mbwa, na namna hali ya hewa inavyowabadilikia. Usiulize wana reindia wangapi. Aliyekaa na Wamaasai anajua kwa nini mfugaji hahesabiwi mifugo yake na mgeni.

Ndani ya hifadhi ya Abisko, iliyoanzishwa mwaka 1909, tembea kimya kwenye miti ya birch. Kwale wa theluji, weupe watupu isipokuwa mkia, hulala ndani ya theluji na kuruka miguuni pako. Soma nyayo: sungura, mbweha, pengine linksi, paka mkubwa wa porini. Nyayo za linksi zinahesabika kama kumwona, maana yeye mwenyewe ni nadra. Siku moja panda treni mpaka Narvik, mji wa bandari wa Norwei, chini ya saa mbili, utoke kwenye theluji hadi baharini. Kule tai mkia-mweupe, mwenye mabawa yanayokaribia mita mbili na nusu, huzunguka juu ya fiodi.

Hatua ya 7: Linda ngozi, na ujue dalili

Hili liwe la lazima kwetu. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kirahisi zaidi vidoleni na miguuni. Vitabu vingi huelekeza utafute wekundu au weupe, dalili ambazo ngozi nyeusi haizionyeshi vizuri. Wewe angalia ngozi iliyopauka kuwa ya kijivu, iliyokakamaa kama nta, na hasa ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla huku bado uko nje, ingia ndani mara moja. Kipashe joto kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39. Usikisugue, usikipake theluji, wala usitoke nacho tena usiku huo. Mafuta ya mgando yanazuia ngozi kukauka tu. Hayazuii baridi, na utafiti wa Finlandi umeonyesha kwamba kujipaka kwa kuamini hivyo huongeza hatari.

Ukipata homa ukiwa huko, usiipuuze kama mafua ya theluji. Mwambie daktari kwa sentensi ya kwanza kwamba umetoka eneo la malaria, na uombe kipimo cha damu siku hiyo hiyo, kwa sababu daktari wa Kiruna hana sababu ya kuifikiria mwenyewe. Msaada wa dharura ni 112 nchi nzima. Bila dharura piga 1177, simu ya ushauri wa afya, kabla ya kuanza safari ya kwenda hospitali, kwa kuwa kutoka Abisko hospitali iko Kiruna, mwendo wa zaidi ya saa moja barabara ikiwa wazi.